Gari Tuliyoikata Katikati

Uvira, Kavimvira
Jumapili, tarehe 21 Aprili 2024

Mudogo wangu Mathieu,

Tumsifu Yesu Kristu. Habari za siku nyingi? Shemeji yangu Belyse iko muzima? Watoto hawajambo? Mama anakula? Minye huku niko muzima kwa neema ya Mungu, isipokuwa mugongo na ziwa. Mugongo unauma asubuhi tu, ziwa linapanda siku nzima. Leo maji iko kwenye ngazi ya pili ya mulango wa nyuma.

Najua umeshika hii karatasi na unaitazama kama muntu aliyeokota kiatu cha marehemu. Miaka sita si mchezo. Sijasahau niliapa nini pale mbele ya kanisa, makatekista wakisikia: nikisema tena neno moja na weye, Mungu anikate ulimi. Ulimuchukua mama yetu, mukristu tangu utoto wake, mwenye komunyo na kipaimara, ukamuzamisha katika Ruzizi kama nguo ya kufua, ati ubatizo wake wa kwanza haukuwa ubatizo. Niliapa, na hasira yangu ilikuwa na sababu. Lakini niliapa juu ya ulimi, sikusema kitu juu ya mukono. Nilimuuliza padiri. Akacheka, akasema kiapo cha hasira hakimufungi muntu, nije kwenye kitubio niwe huru. Sawa, lakini si padiri aliyetaja ulimi. Ni minye niliyeutaja, na Mungu alisikia. Kwa hiyo naandika. Simu naiogopa, naweza kujisahau.

Habari yenyewe ni hii. Wadaktari wa macho watakuwa hapa kwenye opitali kuanzia tarehe 13 Mei mpaka tarehe 18. Siku sita tu. Wanatoa mutoto wa jicho, na muntu anarudi nyumbani akiona. Mara ya mwisho walikuja miaka mitano iliyopita, basi fanya hesabu weye mwenyewe: mama iko na miaka makumi nane na ine. Nimemuandikisha: Apollinarie, namba 41. Juzi nilimusikia kwenye simu ya Belyse akimuambia bibi yangu wa ndoa, «Mwambie Pontien giza imenichosha.» Niliingia kwenye chumba kingine nikalia.

Mama bisi hataiweza na ile nyonga aliyovunja wakati wa Noeli, na moto, pikipiki, hata usiitaje. Lazima alale kwenye kiti cha nyuma cha gari. Gari yangu unaijua, ile nyeusi inayovuta na magurudumu yote mane. Mwezi wa tatu ziwa liliingia kiwanjani, bwati otomatiki, lile sanduku la gia, ikanywa maji ikafa. Nilihuzunika wiki mbili, kisha nikakumbuka ile bwati ya vitesi ya mukono niliyonayo tangu tuachane katika kazi. Mathieu, nimeifunga minye peke yangu! Pedali ya ambreyaji, yaani klachi, kebo, kila kitu, bila musaada wa muntu. Jana nimetembea nayo Kavimvira yote katika maji na matope, inapanda kama mbuzi. Watu walipiga makofi.

Basi mutayarishe mama. Jumamosi tarehe 11 Mei nitafika kwenu. Utamulaza kwenye kiti, utafunga mulango, hatutakuwa na lazima ya kusema kitu.

Barua naipa Jean-Berchmans wa taksi-bisi. Ameahidi hataifungua, lakini unamujua.

Yaya wako,
Pontien


Bwegera, tarehe 25 Aprili 2024

Yaya Pontien, kaka yangu,

Bwana asifiwe sana, na Kristu wako naye asifiwe, kwani nasikia ni mmoja. Sisi tuko wazima. Belyse anakusalimu, watoto wamekua, hutawatambua. Mama anakula ugali na ndagala, mboga anakataa. Pole na maji ya ziwa. Pole na mugongo pia, nilikuambia tangu zamani usinyanyue bwati peke yako.

Jean-Berchmans aliifungua. Alinipa karatasi huku ananishika bega: «Pole na mambo ya ulimi.»

Nilimusomea mama barua yote. Tulipofika pale kwenye nguo ya kufua alicheka mpaka akashika nyonga. Akasema: «Mwambie Pontien siku ile kulikuwa na joto, muto ulikuwa na baridi, na mutoto wangu aliniomba vizuri. Ningekataa kwa nini?» Yaya, miaka sita hatusemi kwa sababu ya mwanamuke aliyetaka kuoga.

Kuhusu macho, nimekubali kabla sijamaliza kusoma. Weye unamusikia kwa simu, minye namuona. Anakaa mulangoni anauliza nani anapita. Mbuzi anawatambua kwa sauti, wajukuu wanamuchanganya. Hatoki tena kiwanjani, anaogopa shimo la mufereji. Ameniambia: «Nataka niwaone nyinyi wawili mara moja, muko pamoja, halafu Mungu afanye anavyotaka.» Basi tarehe 11 atakuwa ameoga na amevaa.

Sasa minye mekanisye nakuuliza weye mekanisye, fundi kwa fundi, bila hasira. Ile gari ya ajali tuliyonunua pamoja kule Sange, ile ya vitesi ya mukono: siku tulipoachana uliikata katikati na musumeno wa chuma, weye ukachukua mbele pamoja na bwati, minye ukaniachia nyuma. Kwa hiyo diferansiyali ya nyuma, yale meno yanayogawia magurudumu nguvu, ile iliyozaliwa pamoja na bwati yako, iko kwangu Bwegera. Katika gari yako nyeusi umeacha diferansiyali ya zamani ya otomatiki, au siyo? Ulihesabu meno yake? Nakujua, hukuhesabu. Ulifurahi kwa sababu ilitembea.

Na ulijaribia wapi? Katika maji. Yaya, katika matope kila gari ni takatifu. Ipeleke kwenye lami, mahali pakavu, kata kona mpaka usukani uishe. Kisha uniandikie, na usinifiche.

Mudogo wako,
Mathieu


Kavimvira, sikukuu ya wafanyakazi, 1 Mei 2024

Mudogo wangu Mathieu,

Tumsifu Yesu Kristu. Habari za mavuno? Mama hajambo? Umubusu mukono wake kwa ajili yangu. Minye mwili muzima, moyo hapana.

Barua yako ilinikasirisha siku nzima. «Nakujua, hukuhesabu.» Nikasema huyu mutoto bado iko na kiburi chake. Kesho yake nikaenda kwenye lami ili nikuonyeshe.

Mita mia za kwanza, vizuri. Kwenye kona ya soko nikakata usukani, gari ikashika. Umeona mbuzi anayevutwa kwenda kuchinjwa, anavyopanda miguu chini? Ni vile. Ikaruka, matairi ikalia, harufu ya kuungua ikapanda kutoka chini. Muntu wa moto mmoja akanipigia kelele: «Papa Pontien, shuka uibebe weye!» Soko lote likacheka, wamama wa ndagala wakasimama waone. Nikazima nikakaa ndani, nikifanya kama ninatafuta kitu chini ya kiti.

Niliirudisha kiwanjani kwa njia ya matope, nikaiweka juu ya tofali, nikahesabu. Mbele, ndani ya bwati: tisa kwa makumi tatu na saba. Nyuma: tisa kwa makumi ine. Meno matatu, Mathieu. Nimetengeneza gari miaka makumi tatu na nimeanguka juu ya meno matatu. Mbele inaambiwa tembea hivi, nyuma inaambiwa tembea vile, na shafti moja imezifunga pamoja. Katika matope tairi inateleza kidogo, zinapatana. Kwenye lami hakuna kuteleza. Inajikaza, inajikaza, mpaka kitu kivunjike.

Usiseme nitoe kardani, ile shafti ya katikati, ivute na mbele tu, nimeshaijaribu. Nguvu yote ilipotelea katikati, haikupanda hata kile kimulima cha kanisa.

Na mvua inakwisha. Hilo ndilo linaniogopesha. Wakati wa mvua ningeweza kuja kwenu kwa matope, pole pole, na Mungu angenisaidia. Sasa jua linawaka kila siku, barabara ya tambarare inakuwa ngumu kama sahani. Nitamuweka mama nyuma, na gari itakatika katikati ya njia, mahali hakuna kivuli.

Huku maji imeingia sebuleni. Bibi yangu amekwenda kwa dada yake Mulongwe. Jirani wote wamehama. Minye nimebaki na gari na vyombo vyangu vya kazi juu ya ile sehemu ya kiwanja iliyoinuka, mbele ziwa, nyuma ukuta. Nasali rozari nikitazama yale meno. Muntu anaweza kuona kosa lake wazi, akaligusa na kidole, na bado asiweze kutoka ndani yake.

Naiomba ile diferansiyali. Najua nilivyokata ile gari, na najua nilisema nini nikiikata. Usinifanyie minye. Mufanyie mama.

Yaya wako,
Pontien


Bwegera, Jumapili 5 Mei 2024

Yaya,

Bwana asifiwe. Sisi wazima, mama muzima, vumbi imeanza. Nilisoma barua yako mara mbili, ya pili nikamusomea mama. Safari hii hakucheka. Aliuliza tu zimebaki siku ngapi.

Diferansiyali iko. Lakini haiko katika kona ikikungoja. Iko chini ya mashini yangu ya kukobolea mupunga: injini upande huu, mashini upande ule, yenyewe katikati inageuza mwendo. Miaka mitano inalisha hii nyumba. Na umeniomba katika wiki gani? Ya mavuno. Magunia yamepangwa mpaka barabarani, wamama wanagombania zamu.

Kuna na lingine, linaniumiza kuliandika. Ili nguvu isipotelee upande usio na kazi, nililehemu zile pinyoni, gia ndogo za ndani. Zimekuwa kitu kimoja. Ukiifunga kwenye gari jinsi ilivyo, magurudumu mawili ya nyuma hayataweza kuachana hata kidogo, na kila kona itakuwa vita. Tutakuwa tumefungua kifungo kimoja tukafunga kingine.

Nilikasirika, sikufichi. Nilisema mbele ya Belyse: alikata mwenyewe, achukue nusu yake aende nayo. Belyse alikuwa anapepeta. Hakunitazama. Akasema: «Mupunga unatwangwa. Macho hayatwangwi.»

Basi kesho nazima mashini. Wamama wamenitukana kwa Kifuliiru na kwa Kirundi, kisha wakaenda kutafuta vinu.

Tutafanya hivi. Nitatoa kuroni, lile duara kubwa lenye meno makumi tatu na saba, pamoja na pinyoni yake, nizifunge ndani ya diferansiyali yako, na pinyoni ndogo zako nzima zibaki. Meno ya kwangu, nyumba ya kwako. Si kazi ya kuelezana kwa barua: nafasi kati ya meno ni unene wa karatasi. Ikizidi, inalia. Ikipungua, inaungua. Inataka mikono yangu. Nitafika kwako Ijumaa tarehe 10, na tukimaliza tutakuja pamoja kumuchukua mama.

Kuhusu ulimi wako, usihangaike. Minye sikuapa. Nitasema kwa ajili ya watu wawili, na weye utagonga na spana juu ya chuma kama tulivyofanya kule kiwandani Kiliba mashini zikipiga kelele. Moja, inua. Mbili, simama. Hata Mungu hatapata la kulaumu.

Mudogo wako,
Mathieu


Uvira, Mulongwe
Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024

Mudogo wangu Mathieu,

Tumsifu Yesu Kristu. Homa imeshuka? Unakula? Mukono nauliza na kalamu inasimama.

Uko kwenye opitali, kilometa mbili kutoka hapa, na ninakutumia barua. Belyse ataileta. Nimefika mulango wa chumba cha wanaume mara tatu. Naona kitanda, naona bandeji, narudi.

Kwanza mama, ili moyo wako utulie. Leo asubuhi wamemufanyia jicho la kuume. Daktari amesema imekwenda vizuri, kesho watafungua. Hilo umelinunua weye. Sasa nisikilize, kwani iko neno ambalo hulijui.

Ile Ijumaa ilikuwa siku nzuri, Mathieu. Ulifika na kuroni ndani ya gunia la mchele, ukaingia katika maji na suruali yako ya kanisa. Ulisema kutoka saa mbili mpaka saa nane bila kupumzika: wachungaji wako, deni la mashini, mbuzi wa jirani, ukauliza na ukajijibu mwenyewe kwa sauti yangu. «Sivyo, Yaya?» «Ndivyo, mudogo wangu.» Minye nagonga tu. Ulipopaka moshi wa taa na mafuta juu ya meno ili tuone yanagusana wapi, ukazungusha, ukaniitia: «Tazama, yamebusiana katikati kabisa.» Nilitaka kucheka kwa sauti. Niliuma mudomo.

Kisha ukajilaza chini ya gari kuisukuma diferansiyali ipande mahali pake, mukono wa kuume juu yake, katikati yake na chuma cha gari. Minye nilikuwa kwenye kriki, ile jeki ya kuinulia gari. Chini ya kriki tuliweka ubao, kwa sababu udongo ulikuwa laini.

Belyse ameniambia ulichomuambia daktari: «Ilianguka ghafla, hakuna aliyeona.»

Minye niliona.

Ubao ulianza kuzama upande mmoja, pole pole. Maji ikapanda juu yake, kriki ikainama. Nilikuwa na wakati wa kusema «Toa mukono». Nilikuwa na wakati wa kulisema mara mbili. Mudomo ulifunguka kabisa, nilisikia hewa juu ya meno yangu. Halafu nikageuka kutafuta spana ili nikugongee mbili. Ilikuwa nyuma yangu, juu ya tofali. Niliifikia. Nilikuwa nimeishika tayari uliposema «Aa», sauti ndogo tu kama muntu aliyekumbuka kitu.

Nilikubeba mugongoni katika maji mpaka kwenye moto ya kutupeleka opitali. Ulikuwa unaniambia: «Pole pole, Yaya, mugongo wako.» Hata pale sikukujibu.

Nilirudi kiwanjani, nikamaliza kazi peke yangu. Siku nne. Nilifuta bolti moja moja kabla ya kuifunga. Jumatano nikapita kwenye lami, kwenye ile kona ya soko, nikakata usukani mpaka mwisho. Gari ikazunguka kimya. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyetazama. Nikaenda Bwegera kwa barabara kavu, haikuruka hata mara moja.

Mama tulimulaza nyuma, Belyse akashika kichwa chake. Hatujafika Luberizi akauliza: «Mathieu iko wapi? Mulisema mutakuja pamoja.» Nikamuambia mukono umeumia.

«Nani alikuwa naye?»

«Minye, mama.»

«Hukumuambia atoke?»

Nikabadilisha vitesi bila lazima. Hakuniuliza tena. Nikafikiri amelala. Pale Sange akasema: «Na minye je, uliniapia?»

«Hapana, mama.»

«Basi sema na minye. Sema jina la ndugu yako.»

Nikalisema. Mathieu, lilitoka kama sauti ya muntu mwingine. Miaka sita nilikuwa nasema «yule wa Bwegera». Mama akasema: «Tena.» Nikalisema tena. Mpaka Kiliba alinifanya nilirudie kama mutoto wa katekisimu, na Belyse analia, na minye siwezi kuona barabara vizuri.

Nimewaacha kwenye opitali nikaondoka. Sitaki kesho wakimufungua jicho, uso wa kwanza uwe huu.

Jana nilikwenda kwenye kitubio. Nilimuambia padiri yote, mpaka spana. Ameniondolea dhambi na kiapo pamoja. Nilifikiri nikitoka pale nitakimbia moja kwa moja kwako. Nilitoka nikasimama barabarani. Kiapo hakiko tena na mudomo haufunguki. Sijui neno la kwanza ni lipi. Ningejua ni lipi ningekuwa nimelisema Ijumaa.

Niambie unataka nini kwangu. Ukitaka gari, chukua. Ukitaka nisionekane tena, nitaelewa.

Yaya wako,
Pontien


Uvira, opitali
Jumatatu, tarehe 20 Mei 2024

Yaya,

Bwana asifiwe. Huu ni mwandiko wa Belyse, umeshaona. Minye nasema, yeye anaandika. Homa imeshuka, nakula. Vidole viwili wamekata. Cha tatu daktari anasema tungoje.

Ulichoandika sikukijua. Nilikuwa nimelala chali, naona chuma na miguu yako tu. Ungenyamaza, ningekufa nikisema ni matope. Nimejiuliza siku tatu kwa nini umeniambia. Siku ya kwanza nilisema umejipunguzia muzigo wako ukaniwekea minye. Siku ya pili nilisema hivyo hivyo. Leo sijui.

Mashini ya mupunga haitazunguka tena. Kuroni iko chini ya gari yako, usiitoe, kwani bila vidole hivi sitaweza kuipanga mahali pengine. Wamama watatwanga mpaka nipate njia nyingine. Nakuambia ili ujue, si ili ulipe. Gari yako siitaki.

Mama walimufungua Jumamosi. Belyse alimuleta mpaka kwangu katika kiti cha magurudumu. Alitazama bandeji kwanza, uso baadaye. Akauliza vingapi. Nikasema viwili. Akavigusa vilivyobaki kimoja kimoja, kama anahesabu vifaranga. Kisha akageuza kiti, akatazama mulango. Tangu siku hiyo kila muntu akiingia anamutazama mpaka atambue kama si weye. Ameshawatambua wauguzi wote na muuza mandazi. Anaona mbali sasa, Yaya. Usijifiche nyuma ya ule muti wa uwanjani, juzi alikuona, akasema: «Yule muntu wa pale amesimama kama baba yenu.» Hatukumuambia ni weye.

Umeuliza nataka nini. Kuandika siwezi, na Belyse kesho anarudi Bwegera, mupunga uko nje. Kwa hiyo barua zimekwisha. Kitanda changu ni cha nne, upande wa dirisha. Saa nane wanafungua kwa wageni. Yale yote uliyoyaandika njoo uyaseme na mudomo, minye nikikutazama, mama akikaa hapo. Anza na ubao. Usiruke spana. Nikimaliza kusikia nitakuambia kama nimekusamehe. Sasa hivi sikudanganyi, sijui.

Ukileta karatasi sitaipokea.

Mudogo wako,
Mathieu

Shemeji, ni minye Belyse. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza alinifanya nizipasue, zilikuwa na matusi. Hapa nimeandika maneno yake yote, sikuongeza kitu. Ninaongeza hili tu: leo saa saba, kabla ya saa ya wageni, ameniomba nimunyoe ndevu.